Minofu, mapanki na mafuta ghafi: sheria za kaboni zinafanya nini sokoni

Oktoba 2025, jijini London, nchi wanachama wa shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa baharini, IMO, zilipiga kura 57 kwa 49 kuahirisha kwa mwaka mmoja mpango wa kuzitoza meli kwa hewa ukaa zinayotoa. Saudi Arabia ilileta hoja ya kuahirisha na Marekani iliisukuma kwa nguvu zote. Vijiweni hapa Mwanza tafsiri ikawa moja: mambo ya kaboni yamekwisha, mafuta yameshinda. Haikupita miezi mitatu, Januari 1, 2026 Umoja wa Ulaya ukaanza kuhesabu gharama ya kaboni kwa baadhi ya bidhaa zinazovuka mipaka yake, na tafsiri ikageuka: kodi ya hewa ya Wazungu imeanza, petroli itapanda. Mmiliki mmoja wa mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba, aliniambia yote mawili ndani ya wiki moja, na mara zote mbili alikuwa na uhakika.

Naona amekosea mara zote mbili, na hayuko peke yake. Sheria za kaboni haziui biashara ya mafuta na gesi, na wala si zitakazompandishia bei ya petroli ya mashine yake. Kinachofanyika ni kwamba zinaligawa soko. Upande mmoja kuna mafuta na gesi yenye vipimo, ukaguzi na karatasi, na huo unapata mkopo wa riba nafuu na mnunuzi wa miaka 15 au 20. Upande wa pili kuna bidhaa ileile, inayowaka vilevile, isipokuwa haina ushahidi wa jinsi ilivyochimbwa; nayo inauzwa kwa anayeitaka, kwa bei anayoitaka yeye. Swali la Tanzania si kama gesi yetu itanunuliwa. Ni kama itauzwa minofu au itauzwa mapanki.

Mtu wa Mwanza hahitaji kufafanuliwa tofauti hiyo. Sangara anapoingia kiwandani, minofu inatoka na cheti, inafungwa kwenye barafu na kwenda Ulaya. Kichwa na mifupa, yaani mapanki, vinatoka mlango wa nyuma, vinakaangwa na kuuzwa mitaani. Samaki ni mmoja, masoko mawili. Wakubwa wanakumbuka pia mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, wa Tanzania, Kenya na Uganda, baada ya taarifa za uvuvi wa sumu. Wakati ule nako walikuwapo waliosema Ulaya haiwezi kuishi bila sangara, na waliosema uvuvi umekufa. Sangara hakufa. Kilichokufa ni biashara ya asiyeweza kuonyesha alikomtoa samaki wake. Viwanda vilivyobaki vilijenga maabara na mifumo ya ukaguzi, serikali ikaimarisha usimamizi wa ubora, na leo maabara ya taifa ya ubora wa samaki iko Nyegezi, mwendo mfupi kutoka stendi ya mabasi. Kanuni iliyoandikwa Brussels iliamua nani wa Mwanza atauza na nani atafunga. Aliyekula sangara wake nyumbani hakuhisi kitu.

Sasa tuzitazame sheria zenyewe, kwa sababu nyingi ya kelele hizi zinatokana na kuchanganya vitu vitatu. Ule utaratibu wa mpakani ulioanza Januari unagusa saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na haidrojeni. Mafuta ghafi hayamo, wala petroli, wala gesi asilia. Kitu cha pili ni soko la vibali vya kaboni la Ulaya, ambako mchafuzi hulipia kibali kwa kila tani ya hewa ukaa anayoitoa, lililoanza mwaka 2005, ambalo tangu 2024 limeziingiza meli: safari ya kati ya bandari ya Ulaya na bandari ya nje inahesabiwa nusu ya hewa yake chafu, na malipo yamepanda hatua kwa hatua, asilimia 40 ya hewa ya mwaka 2024, asilimia 70 ya mwaka 2025, na yote kuanzia 2026. Kwa maneno mengine, wakati IMO inaahirisha, meli inayopeleka gesi Rotterdam inalipa tayari. Cha tatu, ambacho ndicho kizito na ndicho kisichozungumzwa, ni kanuni ya methane iliyoanza kutumika Agosti 2024. Methane ndiyo gesi asilia yenyewe. Ikivuja kabla ya kuchomwa, kwa kipimo cha miaka 20 inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Kwa kanuni hiyo, kuanzia 2027 mnunuzi wa Ulaya anayesaini mkataba mpya wa mafuta au gesi anatakiwa aonyeshe kwamba kule ilikotoka uvujaji unapimwa na kukaguliwa kwa kiwango kinacholingana na cha Ulaya. Ifikapo 2030 utawekwa ukomo wa uvujaji wenyewe.

Twende kwenye petroli, maana ndiko mwenye mtumbwi anakouliza. Bei ya sheli ya Mwanza inatokana na bei kikomo inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Msingi wake ni bei ya mafuta yaliyosafishwa katika Ghuba ya Uarabuni, kisha usafiri wa meli, thamani ya shilingi kwa dola, kodi na tozo, na mwisho safari ya lori kutoka bandarini hadi kanda ya ziwa, ambayo ndiyo inayofanya lita ya hapa izidi ya Dar es Salaam. Hakuna mstari wa kaboni ya Ulaya katika hesabu hiyo. Ukitaka kujua kaboni ingeweza kufanya nini, fikiria Mjerumani. Lita moja ya dizeli ikichomwa inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa. Tani moja ikitozwa euro 70, lita hiyo inaongezeka karibu euro 0.19, yaani shilingi 500 na ushei. Mjerumani huyo ataendesha kidogo kuliko jana, au atanunua gari la umeme. Mafuta asiyoyanunua hayabaki kisimani kwa huruma. Mwenye kisima atatafuta mnunuzi mwingine, na ili ampate itabidi ateremshe bei. Kwa hiyo kodi ya kaboni inayotozwa kwa mlaji wa Ulaya, ikiwa itamgusa mlaji wa Mwanza kabisa, inamgusa kwa kumshushia bei. Ni matokeo ambayo waliotunga sheria hawayapendi hata kidogo, na wachumi wameyajadili kwa miaka mingi: unachokizuia kwako kinachomwa kwa jirani.

Lakini hiyo ni nusu ya hesabu. Kodi kwa mlaji inapunguza hamu ya kununua; masharti kwa benki yanapunguza uwezo wa kuchimba, na hayo mawili yanavuta bei pande tofauti. Hapa ndipo bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki linapotupa somo bila kulipia ada. Uganda iligundua mafuta ya kibiashara mwaka 2006. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulifikiwa Februari 2022, miaka 16 baadaye: bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, sehemu kubwa yake ndani ya Tanzania, likizunguka ziwa letu kwa upande wa Kagera na Geita kabla ya kukata kwenda Shinyanga na Tabora. Mafuta ya Hoima ni mazito yenye nta, hayatiririki mpaka yapashwe joto, kwa hiyo bomba lote linapashwa. Mpango wa awali ulikuwa gharama ya kama dola bilioni 3.5, sehemu kubwa ikitoka kwa mikopo ya mabenki. Benki kubwa za Ulaya na Marekani zikajiondoa moja baada ya nyingine, Bunge la Ulaya likapitisha azimio la kuupinga mradi Septemba 2022, na mkopo wa kwanza kutoka nje ya wanahisa ulitangazwa Machi 2025, kutoka Afreximbank, benki ya Afrika ya biashara ya nje, na wenzake, wakiwamo wa kanda hii na wa Afrika Kusini. Gharama imepita dola bilioni 5. Wenye hisa, TotalEnergies kwa asilimia 62, makampuni ya serikali za Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8, wamelazimika kutoa mifukoni mwao zaidi ya walivyokusudia.

Wapo watakaosema ujenzi wa bomba umeendelea hata hivyo, kwa hiyo shinikizo lilishindwa. Nasema angalieni bei. Fedha ya mwenyewe ni ghali kuliko fedha ya benki, na kila mwaka wa kuchelewa ni riba. Mafuta yaleyale yangesafirishwa kwa gharama ndogo zaidi kama yangechimbwa mwaka 2012, si kwa sababu ya jiolojia bali kwa sababu ya kalenda. Sheria za kaboni, na hofu ya sheria zitakazofuata, zimefanya kazi kama mwenye nyumba anayepandisha kodi bila kumfukuza mpangaji. Na kuna jambo moja la upande wetu lisilosemwa vya kutosha. Uganda inauza mafuta. Tanzania, ukiacha asilimia zake 15, inauza njia. Mapato ya njia yanahesabiwa kwa pipa linalopita, makubaliano ya mwaka 2021 yakitaja dola 12.77 kwa pipa kwa kampuni ya bomba. Bei ya dunia ikishuka kidogo Tanzania haiumii sana. Ikishuka mpaka mwenye kisima aone hakuna faida ya kuchimba visima vya awamu ya pili, mapipa yanapungua, na hapo sisi ndio tunaobaki na chuma ardhini. Kwa hiyo anayefurahia "mafuta yameshinda" ajiulize yameshinda kwa miaka mingapi, maana bomba hili limekusudiwa kufanya kazi kwa miongo, ndani ya kipindi ambacho kila sheria niliyoitaja itakuwa imekaza.

Gesi ina hadithi yake. Novemba 2020, kampuni ya Ufaransa ya Engie ilijitoa kwenye mazungumzo ya kununua gesi ya kimiminika kutoka mradi wa Rio Grande wa Texas, kwa wasiwasi juu ya uvujaji wa methane kwenye visima vya huko. Mei 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimepamba moto na Ulaya ikihangaika, Engie hiyohiyo ilisaini na mradi huohuo mkataba wa miaka 15. Ukiisoma haraka utasema: unaona, njaa haina sheria. Mimi naisoma taratibu. Kati ya siku hizo mbili mwenye mradi alikuwa amekuja na ahadi za kukamata kaboni na gesi inayofuatiliwa tangu kisimani. Njaa ilimsukuma mnunuzi mezani, lakini karatasi ndizo zilizompa ruhusa ya kusaini bila kuaibika kwao. Muuzaji asiye na karatasi hizo angepata mkataba wa miezi michache wakati wa baa la njaa, basi. Na mtambo wa kuyeyusha gesi haujengwi kwa mkataba wa miezi michache.

Hoja nzito zaidi dhidi ya haya yote ni ya unafiki, na siwezi kuipuuza. Ulaya ilitajirika kwa makaa ya mawe, ikaendelea na mafuta, na mwaka 2022 ilipobanwa ikawasha tena mitambo ya makaa ya mawe Ujerumani, huku Kansela Olaf Scholz akisafiri hadi Senegal kuzungumzia gesi. Watu haohao wanaijia Afrika, ambayo mchango wake katika hewa chafu ya dunia ni mdogo, na kuidai vipimo vya methane. Hapa kanda ya ziwa mama anapikia mkaa kwa sababu mtungi wa gesi ni ghali, na gesi yenyewe inaagizwa kutoka nje ilhali nchi yetu ina gesi asilia ya futi za ujazo trilioni 57, nyingi yake chini ya bahari. Mwezi Mei 2024 jijini Paris, katika mkutano ambao Rais Samia alikuwa mmoja wa wenyeviti wake, ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa nishati safi ya kupikia Afrika. Ahadi hiyo ingeenda haraka kama kila aliyeahidi angetoa. Yote hayo ni kweli. Ila unafiki wa aliyetunga kanuni hauifuti kanuni. Mwaka 1999 nako tulisema, na kwa haki, kwamba katazo lilitua kwa wavuvi wote kwa makosa ya wachache. Halikuondolewa kwa sababu tulilalamika vizuri. Liliondolewa vipimo vilipopatikana.

Hoja ya pili ni kwamba Ulaya yenyewe inalegea. Nayo ina uzito. Waziri wa nishati wa Qatar, Saad al-Kaabi, alionya Desemba 2024 kwamba nchi yake itasitisha gesi kwa Ulaya kama sheria ya uwajibikaji wa makampuni itawatoza faini kubwa, na mwaka uliofuata sheria hiyo ikapunguzwa makali. Kodi ya kaboni kwa mafuta ya magari na ya kupasha nyumba joto, iliyopangwa 2027, imesogezwa hadi 2028. Marekani nayo iliahirisha ada yake ya methane hadi 2034. Kwa hiyo anayesema kasi imepungua yuko sahihi. Lakini angalia kilicholegezwa ni nini: tarehe, faini, idadi ya makampuni. Bei ya kibali cha kaboni Ulaya, ambayo miaka michache tu kabla ya janga la korona ilikuwa chini ya euro 10 kwa tani, iligusa euro 100 Februari 2023 na tangu hapo haijarudi ilikotoka. Mtu anayepanga mradi wa miaka 30 haangalii kama sharti litaanza 2027 au 2029. Anaangalia kama litakuwapo 2040, na benki yake inaangalia hilo hilo.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi: wakitukataa tutauza China na India, wao hawana mambo ya kaboni. Kwanza si kweli. China ilianzisha soko lake la vibali vya kaboni mwaka 2021 kwa mitambo ya umeme, na mwaka 2025 ikaongeza chuma, saruji na alumini. Japani na Korea Kusini, ambao ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa gesi ya kimiminika duniani, tangu 2023 wana mpango wa pamoja wa kuwauliza wauzaji wao juu ya uvujaji wa methane. Lakini hata tukichukulia kwamba Asia yote haiulizi kitu, hoja bado inaanguka kwa sababu ya kawaida ya sokoni ambayo kila muuza dagaa anaijua: ukifika na mzigo na mnunuzi amejua huna pengine pa kwenda, bei anapanga yeye. Urusi ilifungiwa kwa vita, si kwa kaboni, ila utaratibu wa bei ni uleule. Ilipofungiwa Ulaya mwaka 2022 iliuza mafuta yake India na China, ndiyo, na iliyauza mengi. Ila pipa la Urals, mafuta ghafi ya Urusi, lilifika hatua ya kuuzwa zaidi ya dola 20 chini ya Brent, mafuta yanayotumika kama kipimo cha bei ya dunia. Kwa nchi yenye visima vilivyokwisha kulipiwa zamani, punguzo hilo linavumilika. Kwa mradi mpya wa kuyeyusha gesi wa Lindi, unaokadiriwa kufikia dola bilioni 42 na ambao mazungumzo yake na Shell, Equinor na wenzao yamevuka miaka 10, punguzo la namna hiyo ndiyo tofauti kati ya kujenga na kuacha.

Na hapo ndipo naona uamuzi wetu ulipo. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limeipunguzia gesi mzigo wa kuzalisha umeme, kwa hiyo swali la nani atainunua limekuwa la karibu kuliko miaka mitano iliyopita. Tukiigeuza kuwa mbolea na kuipeleka Ulaya, tunaingia kwenye utaratibu ule wa mpakani ulioanza Januari, maana mbolea imo kwenye orodha. Tukiiyeyusha na kuipeleka Ulaya kama gesi, utaratibu huo hautugusi, ila kanuni ya methane inatusubiri mlangoni pamoja na malipo ya meli. Tukiitumia nyumbani, viwandani, kwenye magari ya Dar es Salaam na majikoni, hakuna kanuni ya Ulaya inayotuhusu, ila hakuna dola pia, na mkopo wa kujenga miundombinu bado utatoka kwa benki zilezile zenye madodoso yaleyale. Ningependa majiko yapewe nafasi kubwa kuliko wanavyopenda watu wa hazina. Hilo ni pendeleo langu, si hesabu.

Gharama ya kupima si kubwa ukiilinganisha na mradi. Kugundua uvujaji kwenye visima, mabomba na mitambo hufanywa kwa kamera maalumu, kwa vihisi, siku hizi hata kwa setilaiti, na sehemu ya gesi inayookolewa inarudi kuuzwa. Kinachogharimu ni kuchelewa, kwa sababu kipimo cha mwaka mmoja hakimshawishi mnunuzi. Anataka kuona mfululizo. Songo Songo inatoa gesi tangu 2004, miaka zaidi ya 20, kwa hiyo mahali pa kuanzia papo kabla hata ya Lindi kuchimbiwa msingi. Samaki wa ziwa hili walijengewa mfumo wa vipimo baada ya mlango kufungwa, na viwanda vilivyokosa pumzi ya kusubiri vilikwisha. Kwa gesi, mlango bado uko wazi na tarehe ya kufungwa imeandikwa. PURA, mdhibiti wa uchimbaji wa mafuta na gesi, na TPDC, shirika la taifa la mafuta, wanaweza kuingiza sharti la kupima methane, na kuyaweka matokeo hadharani, ndani ya mkataba wa Lindi kabla haujasainiwa, wakati Shell na Equinor bado wanahitaji saini yetu.